Kava ya Raspberry Pi Si Urembo, Wasee

Nitasema kitu na mbogi ya taa za rangi itanikasirikia: kava nyingi za Raspberry Pi mnazonunua ni mapambo. Zinang'aa kwa video, zinapendeza juu ya meza, halafu zikipelekwa mahali pa kazi zinageuka mzigo. Na mimi hutengeneza video, kwa hivyo najua vizuri vile taa ya bluu inavyookoa picha. Lakini taa ya bluu haijawahi kuzuia mende.

Msimamo wangu ni huu. Usichague kava kwa kuangalia kava. Angalia kwanza mahali hiyo kompyuta itakaa, nani ataigusa, na nani ataumia siku ikizima. Ukishajibu hayo matatu, kava inajichagua yenyewe, na mara nyingi haitakuwa ile ulikuwa umeitamani.

Ili tusidanganyane: mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo nimejifunza kwa kufungua vitu na kuuliza mafundi maswali mpaka wanichoke. Ninachoandika hapa ni vitu nimeona na vitu unaweza kupima mwenyewe leo jioni.

Kwa wale hawajui tunaongea juu ya nini

Raspberry Pi ni kompyuta nzima kwenye bodi moja. Ile ya kawaida ina urefu wa milimita 85 na upana wa 56, yaani karibu ulingane na kadi yako ya ATM. Zilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Eben Upton na wenzake kule Cambridge, Uingereza, walitaka watoto wapate kompyuta ya bei ndogo ya kujifunzia kuandika programu, na mashine zenyewe zikaja kutengenezwa kwenye kiwanda kimoja huko Pencoed, Wales. Kuna ndogo hata kuliko hiyo: Zero, iliyotoka Novemba 2015 kwa dola 5 tu.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho watu hupita. Hiyo kompyuta ilizaliwa uchi. Ukinunua bodi, unapata bodi: chipu ziko nje, pini 40 ziko nje, lehemu ya chini iko nje. Kava rasmi ya kampuni, ile nyeupe na nyekundu, ilikuja 2015, miaka mitatu baadaye. Katikati hapo watu walijitafutia. Wengine walikata karatasi ngumu wakakunja. Wengine walijenga kwa Lego. Na huko Sheffield kampuni ndogo inayoitwa Pimoroni ilianza kuuza kava ya vipande vya akriliki vilivyopangwa kama sandwichi. Mmoja wa waanzilishi wake, Paul Beech, ndiye aliyechora ile nembo ya tunda unayoiona kila mahali.

Kwa hivyo kava, tangu mwanzo, ilikuwa kazi ya watu wa mtaani wenye makasi na akili. Shikilia hiyo pointi. Nitairudia.

Mbona nakasirika juu ya kitu kidogo hivi

Kuna chumba cha kusomea kule Kangemi ambako huwa naenda Jumamosi. Ukitoka Sarit hapa Westlands ukapanda mat, kama hakuna jam, utakuwa umefika kabla wimbo wa pili uishe. Hapo Waiyaki Way inagawa dunia mbili: upande mmoja watu wana intaneti ya faiba mpaka jikoni, upande mwingine mtoto anahesabu bando ya shilingi ishirini kama dawa.

Kwenye hicho chumba kuna Raspberry Pi 4 moja. Imewekwa Kiwix, programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Bodi inatoa waifai yake yenyewe, mtoto anaunganisha simu ya mzazi au ile tableti moja iliyopasuka kioo, na anasoma bure. Hakuna bando, hakuna matangazo. Jioni za muhula wa tatu utakuta watahiniwa wa KCSE wamejipanga ukutani kama wanachaji simu, kumbe wanasoma juu ya figo na volkeno.

Hiyo bodi ikifa, hakuna nyingine. Siongezi chumvi. Wasee waliokuwa wakitafuta hizi mashine kati ya 2021 na 2023 wanakumbuka: chipu ziliadimika dunia nzima, na bodi ikipatikana bei ilikuwa ya matusi. Chumba kinachoendeshwa na michango ya akina mama wa chama hakiwezi kununua bodi mpya katikati ya Oktoba.

Hiyo kompyuta ililetwa na mfadhili mmoja, na aliileta ndani ya kava. Akriliki safi, pande zote wazi, feni ndogo juu yenye taa zinazobadilika rangi. Kitu kizuri sana. Kilipigwa picha. Na ndani ya muhula mmoja, mama anayesimamia chumba alikuwa ameanza kuifunika na leso usiku.

Nilimuuliza, "Mama, mbona leso?"

"Mwanangu, hii kitu inalala na mende. Na hawa watoto wadogo wanaingiza kalamu kwa feni waone itafanya nini."

Leso juu ya kompyuta inayotoa joto, sasa. Lakini huyo mama alikuwa ameona tatizo kuliko aliyenunua kava. Alijua kompyuta yake inaishi na nani.

Maadui wanne

Nikikaa nikafikiria, kompyuta ndogo Nairobi ina maadui wanne. Kila kava unayoiona sokoni inapigana na mmoja au wawili, na inawafungulia mlango wengine. Hakuna kava inayoshinda wote. Ndio maana lazima uchague.

Wa kwanza ni joto. Chipu ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na ikifika 85 inajibana zaidi. Haitazima kwa kishindo. Itakuwa tu nzito, kurasa zitachelewa, na utalaumu waifai. Hii haihitaji kubahatisha. Fungua teminali, andika vcgencmd measure_temp, itakupa nyuzi hapo hapo. Halafu andika vcgencmd get_throttled. Ikirudisha 0x0, uko sawa. Ikirudisha namba nyingine yoyote, tangu uiwashe imewahi kubanwa na joto au kukosa nguvu za umeme za kutosha.

Usidhani kampuni yenyewe ina uchawi. Kava yao rasmi ya Pi 4 ilikuwa imefungwa vizuri sana, mpaka joto likakosa pa kutokea, na mwishoni mwa 2020 wakaanza kuuza feni ndogo ya kuingiza ndani yake. Walipotoa Pi 5 mwaka 2023, feni ikaja na kava moja kwa moja. Yaani hata wenye bodi walijifunza njiani. Hiyo si aibu. Ni ushahidi kwamba kava ni kazi ya injinia kama bodi ilivyo.

Wa pili ni vumbi, na mende ninawaweka hapa kwa sababu wanatumia mlango mmoja. Feni inavuta hewa, na hewa ya kando ya Waiyaki Way si hewa tu. Miezi michache na mapezi yamevaa sweta. Mende naye anapenda mahali penye giza na vuguvugu. Kama umewahi kufungua dekoda ya TV au saa ya maikrowevu nyumbani kwenu, unajua naongea nini. Akitembea juu ya pini, au akifia hapo, unaweza kupata shoti.

Wa tatu ni mikono. Ya watoto, ya mgeni anayetafuta mahali pa kuchaji, ya msafishaji mwenye kitambaa kimaji. Pini 40 zikiwa wazi, msumari mmoja ukigusa pini ya volti 5 na jirani yake, mchezo umeisha. Na kuna ile kadi ya memori inayoingia pembeni: kava nyingi zinaiacha imechomoza kidogo kama ulimi. Mtoto ataivuta. Walai ataivuta.

Wa nne ni mwizi. Hapa ndipo kava za kununua zinaanguka zote, kwa sababu hakuna aliyezichora akimfikiria. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, na kinajiuza hata kwa mwizi. Kitu kinachowaka taa za rangi saba usiku dirishani kinasema "njoo unichukue" kwa lugha zote 40 na zaidi za Kenya. Nairobi tunajua hii. Ndio maana kuna watu hubeba laptopu ndani ya gunia la mtumba na simu ya bei ndani ya kava iliyochakaa makusudi.

Kava zilizoko, na ukweli wa kila moja

Akriliki ya tabaka au ya wazi. Inapendeza, ni rahisi kukata, na mwanafunzi anaona ndani. Kwa darasa la kufundishia sehemu za kompyuta, mimi ningeichukua. Lakini inapasuka ikianguka, na zile zenye pande wazi hazikingi chochote.

Plastiki iliyofungwa, kama ile rasmi. Kwa meza ya kazi ndani ya apatimenti kule Kileleshwa au Riverside, ambako hakuna mtoto wala vumbi la barabara, hiyo inatosha. Nunua, endelea na maisha. Sina vita na wewe.

Alumini inayogusa chipu moja kwa moja, ile ambayo kava yenyewe ndiyo inapooza. Hii naipenda kwa sababu haina feni, haina kelele, na haivuti vumbi. Lakini chuma ni ukuta kwa waifai. Antena ya Pi iko juu ya bodi, na ukiizungushia chuma pande zote mawimbi yanapungua. Watengenezaji wengine huacha sehemu ya juu iwe plastiki kwa sababu hiyo. Kama Pi yako inatumia waya wa mtandao, chukua alumini kwa amani. Kama kazi yake ni kutoa waifai kwa watoto ishirini, kama kule Kangemi, pima kwanza. Tembea mpaka mwisho wa chumba na simu, uone kama baa zinabaki.

Ya kuchapishwa na printa ya 3D. Hii nitaizungumzia chini, kwa sababu hapa ndipo pesa yako inaweza kufanya kazi mara mbili. Ila uliza plastiki gani. PLA ndiyo ya kawaida na ya bei nafuu, lakini inaanza kulainika karibu nyuzi 60. Weka kava ya PLA kwenye dashibodi ya mat iliyoegeshwa juani na utaikuta imejikunja kama chapo. PETG inavumilia mpaka karibu 80. Tofauti ya bei ni ndogo, tofauti ya usingizi ni kubwa.

Sanduku la umeme la hadwea, lile la plastiki ya kijivu mafundi wa stima huweka kwa kuta za nje. Halina jina la kiteknolojia, halina video ya kulifungua, na ndilo linashinda mara nyingi kuliko watu wanavyotaka kukubali. Ni gumu, lina skrubu, plastiki yake haizuii waifai, na mwizi akiliona anafikiri ni waya.

Usinunue kava ya "Raspberry Pi"

Hii ni ya haraka lakini itakuokolea nauli. Ukienda Luthuli Avenue ukauliza kava ya Raspberry Pi, kuna muuzaji atakuambia "inaingia zote, kijana". Haiingii zote. Pi 4 ilibadilisha mlango wa umeme ukawa wa USB-C, ikaweka HDMI mbili ndogo badala ya moja kubwa, na ikahamisha tundu la waya wa mtandao upande mwingine. Pi 5 ikalirudisha tundu la mtandao, ikatoa lile la spika za sikio, ikaongeza kitufe cha kuwashia. Bodi ni saizi ileile, matundu ya skrubu yako palepale, lakini milango imehama. Kava ya Pi 3 haitakubali Pi 4, na ya Pi 4 haitakubali Pi 5, isipokuwa uwe na msumeno.

Beba bodi yako mkononi, ndani ya mfuko, ukaijaribu pale pale. Muuzaji akikataa ujaribu, ondoka. Kuna mwingine mlango wa tatu.

Bodi hatutengenezi. Kava tunaweza.

Sasa turudi kwa ile pointi ya karatasi na Lego.

Mtu wa Cambridge anaweza kuchora bodi nzuri kuliko mimi maisha yangu yote. Sawa. Lakini mtu wa Cambridge hajui mende wa Kangemi. Hajui stima ikirudi baada ya kupotea inarudi na hasira. Hajui kwamba kompyuta itawekwa juu ya kabati kwa sababu hakuna meza. Ujuzi wa kava uko hapa, na tunaulipia pesa uende ukarudi na meli.

Na hatuanzi leo. Mwaka 2013 kikundi kilichokuwa Ngong Road, watu waliotoka Ushahidi, walichangisha pesa kwa umma mtandaoni wakatengeneza BRCK: rauta nyeusi, nzito kama tofali, yenye betri ndani ya kuivusha takriban saa nane stima ikipotea. Vitu vilivyokuwa ndani vingeweza kupatikana kwingine. Akili ilikuwa kwenye kujua kwamba hapa rauta lazima ivumilie kuanguka, vumbi na giza. Miaka miwili baadaye walikuja na Kio, sanduku gumu la kubebea tableti 40 za shule, unazichaji zikiwa ndani humo humo. Tena sanduku. Tena kava ndiyo hadithi.

Kule Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Ciira wa Maina na wenzake walitumia Raspberry Pi kurekodi sauti za ndege kwenye hifadhi ya chuo. Fikiria hiyo kazi: maikrofoni lazima isikie nje, lakini umande wa Mlima Kenya usiingie ndani. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere, mradi wa AirQo ulianza 2015 kutengeneza vipima hewa vyao wenyewe, vingine vikabebwa na boda boda, kwa sababu vile vya kuagiza ni ghali na havikuundwa kwa vumbi la barabara zetu. Usione vyaelea, vimeundwa, na vingine vimeundwa hapa karibu.

Kwa hivyo mimi nasema: ile pesa ya kuagiza kava ya alumini yenye taa, mpe mtu wa mtaa. Nairobi kuna wasee wa printa za 3D, wengine kama AB3D wanaunda hata printa zenyewe hapa hapa kwa kutumia vifaa vilivyotupwa. Kamukunji kuna mafundi wanaokunja mabati wakiwa wanapiga stori, na kona inatoka imenyooka kuliko yangu ya rula. Chukua vipimo: matundu manne ya skrubu za milimita 2.5, milimita 58 kwa 49 kati yao. Mpelekee fundi bodi aione. Atakuuliza maswali ambayo duka la mtandaoni halitakuuliza kamwe. Wa Kamukunji aliniuliza swali moja tu: "Hii inatoa moto? Basi hewa inapita wapi?"

Hilo ndilo swali lote la injinia, limeulizwa na mtu mwenye nyundo. Mkumbushe tu kwamba chini ya bodi kuna lehemu, na bati likigusa pale ni shoti. Weka vinguzo vya plastiki vya kuinua bodi.

Tulichofanya Kangemi

Tulinunua sanduku la umeme la kijivu, saizi ya kitabu cha mazoezi. Tukatoboa matundu chini na mengine juu, kwa sababu hewa moto hupanda na inataka mlango wa kutokea, ni akili ileile ya matundu yaliyo juu ya madirisha ya nyumba za zamani. Ndani ya kila safu ya matundu tukabandika wavu wa mbu wa dirisha, ule wa waya laini. Hewa inapita, mende anabaki akisalimia. Juu ya chipu tukaweka kipande cha alumini chenye mapezi, hakuna feni. Bodi imesimama kwenye vinguzo, waya mmoja wa umeme unatokea chini, na sanduku limefungwa ukutani juu ya kimo cha mtoto.

Gharama yote, pamoja na soda ya fundi, ilikuwa chini ya thao mbili. Mchana wa Februari, jua likipiga bati la paa na simu kumi na tano zikiwa zimeunganishwa, nilipima nikapata nyuzi 67. Siku ya baridi ya Julai, 52. Hajawahi kufika 80. Na get_throttled ilirudisha 0x0 mara zote mbili.

Ni kitu kibaya kwa macho? Ndiyo. Hakuna mtu atakipiga picha. Lakini mwizi aliyeingia hapo Aprili alichukua spika, akachukua sufuria mbili za uji, akaacha maktaba nzima ukutani juu ya kichwa chake.

Najua mtasema nini

"Lakini urembo nao una kazi." Kweli. Mtoto akiona kitu kizuri anakaribia, na kwa chumba cha kufundishia kompyuta hiyo inahesabika. Kitu kibaya sana pia kina hatari yake: mtu anaweza kukitupa akidhani ni takataka, au kukichomoa achaji simu. Dawa yake ni wino. Mama wa chumba aliandika kwa markapeni nyekundu juu ya sanduku: USIZIME. HII NI MAKTABA YA WATOTO. Hakuna taa ya rangi iliyowahi kufanya kazi kubwa hivyo kwa shilingi hamsini.

"Lakini si kila mtu ana muda wa kutoboa sanduku." Pia kweli. Kama una soo nane na meza safi, nunua ile ya plastiki iliyofungwa, hakikisha ni ya modeli yako, pima joto wiki ya kwanza, na uishi. Sijaandika haya ili kila mtu awe fundi. Nimeandika kwa sababu kuna watu wengi wanaleta hizi mashine mashuleni, makanisani, kwa vituo vya vijana, wanapiga picha, wanaondoka. Mashine inabaki na watu ambao hawakuulizwa chochote.

Na hiyo ndiyo inaniuma. Kava ni mahali pa kwanza unaweza kuona kama aliyetoa msaada aliwafikiria watakaoutumia. Aliyeuliza "nani anafagia hapa, stima inapotea mara ngapi, watoto ni wa umri gani" ataleta sanduku tofauti na aliyeuliza "ipi inapendeza".

Kwa hivyo kabla ulipe, jibu haya kwa mdomo, kama unamwambia mtu. Itakaa wapi, ndani au karibu na barabara? Inatumia waya au waifai? Ni modeli gani hasa? Joto litatokea wapi, na mende ataingilia wapi? Mkono gani mdogo utaifikia? Ikiibiwa au ikifa, nani hatasoma?

Kama la mwisho lina jibu, weka hizo taa chini. Nenda hadwea.